Tope kwanza, nguo baadaye: mwongozo wa vikundi vya misikiti na makanisa wakati wa mafuriko Mombasa

Mvua ikipiga usiku kucha Kisauni, Jomvu au Likoni, wanaofika mwanzo ni vijana wa msikiti wa mtaa, akina mama wa jumuiya ndogo ndogo na wanakwaya. Wana ufunguo wa ukumbi, wanajua nani amepanga chumba gani, na mlango wanafunguliwa. Kinachokosekana huwa ni mpangilio. Nguo kuukuu zinarundikana hadi dirishani huku tope limelala ndani ya nyumba za watu, na familia moja inabeba unga mara tatu wakati jirani yake hajapata hata kilo. Yafuatayo ni kwa kikundi cha watu 15 hadi 40 kisicho na gari wala ofisi.

Angalieni mvua pamoja na bahari

Misimu ya hatari ni miwili: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Disemba. Vuli ya 2023, mwaka wa El Niño, iliipiga Pwani nzima, na masika ya 2024 yakafuata kabla watu hawajapumua. Lakini kiasi cha mvua peke yake hakitoshi kuwaambia mtaa gani utazama. Mitaro mingi humwaga baharini au kwenye mikono ya bahari ya Tudor na Port Reitz. Maji ya bahari yakijaa, mtaro haumwagi, na maji hurudi mitaani. Mvua iyo hiyo ikinyesha wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana, hupita. Ikikutana na bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, inaingia vyumbani.

Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na huzidi kwa siku moja au mbili baadaye. Siku hizo bahari Mombasa hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na jioni. Kwa hiyo msikiti wenye kalenda ya Hijria ukutani tayari una nusu ya onyo. Idara ya Hali ya Hewa ikitangaza mvua kubwa na mwezi uko tarehe 1 hadi 3 au 15 hadi 17, fungueni ukumbi mapema, msingoje simu za usiku.

Barabarani, maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinatosha kuisukuma gari ndogo. Kijana wa kujitolea asivuke mtaro uliofurika ati anapeleka mkate. Uokoaji ni wa waliofunzwa: pigeni 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, au 999.

Orodha moja, kwa chumba

Hapa ndipo misaada mingi huharibikia. Mzee wa mtaa akiombwa orodha, huandika nyumba. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati na vyumba sita, na kila chumba huenda kina familia yake. Mkigawa kwa nyumba, mwenye nyumba anachukua na wapangaji watano wanabaki wakiangaliana. Andikeni kwa chumba.

Safu saba zinatosha: namba, jina la mkuu wa chumba, simu, idadi ya watu, walio chini ya miaka mitano, mjamzito au mgonjwa au mlemavu, na kilichoharibika (tope, godoro, choo, kisima, bidhaa za biashara). Safu ya dini haimo, na isiongezwe. Waandikaji waende wawili wawili, mmoja wao mwanamke, kwa sababu nyumba nyingi mchana wamo akina mama peke yao, na barobaro wa kiume akibisha hodi ataishia barazani.

Msikiti na kanisa za mtaa mmoja zitumie daftari moja. Mkishindwa kabisa kukubaliana, angalau gawaneni vichochoro, kila upande uwe na wake. Kisha mpeni chifu nakala. Kila chumba kipewe kadi yenye namba na muhuri, maana majina ya Mwanaisha na Karisa ni mengi.

Orodha hiyo ina siri za watu. Isirushwe kwenye WhatsApp ya jumuiya.

Kabla ya kuingia nyumbani mwa mtu

Umeme kwanza. Swichi kuu izimwe na mtu aliyesimama pakavu; ikiwa imezama au waya umeanguka, msiguse, pigeni Kenya Power 97771. Token kwenye mita si dalili kwamba nyumba ni salama. Friji na feni zilizolowa zisiwashwe hata zikionekana kavu, mpaka fundi umeme mwenye leseni azikague.

Halafu ukuta. Nyumba za udongo na fito mara nyingi haziangukii majini. Huanguka maji yakishapungua, jua likitoka, kwa sababu sehemu ya chini imeloa na kulainika huku juu kukikauka na kubaki kuzito. Bonyezeni udongo wa chini kwa kidole gumba: ukizama, msiingie. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa umekwama, au ufa mpya kwenye kona, ni onyo lile lile.

Tope

Kazi hii ndiyo inayomrudisha mtu kwake, na ndiyo kikundi chenu mnaiweza kuliko shirika lolote. Tope bichi huchoteka kwa sepeto. Likikauka siku tatu kwa jua la Mombasa, mtalitafuta kwa sururu.

Pigeni hesabu kabla ya kuahidi. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye tope la sentimita 10 kina karibu mita moja ya ujazo, yaani tani moja na nusu. Gunia lijazwe nusu tu, kilo 25 hivi. Kwa hiyo ni magunia 60 kwa chumba kimoja. Magunia yaliyojazwa hadi mdomo hupasuka, na huacha watu na migongo mibovu kabla ya adhuhuri.

Timu ya watu sita kwa chumba: wawili wenye sepeto, mmoja wa kushika gunia, wawili wa kubeba au kusukuma wilbaro, na mmoja wa kutenga vitu vya mwenyewe. Huyu wa mwisho ndiye muhimu kuliko wote. Kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na hati ya nyumba huwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya godoro, na tope likitolewa kwa haraka hutoka navyo. Mwenye nyumba awepo, na hakuna kitu kinachotupwa bila yeye kusema. Apige picha kwanza.

Vifaa vya timu moja: sepeto 2, karai 2, wilbaro 1, magunia 60, ndoo 3, fagio la chelewa 2, brashi ngumu 2, gambuti na glovu nzito jozi 6. Gambuti si anasa: maji ya mafuriko yana misumari, chupa na mikojo ya panya, ambayo huambukiza kupitia kidonda kidogo tu. Mwenye jeraha mguuni afanye kazi ya daftari siku hiyo.

Tope msilitupe mtaroni. Hili husemwa kila mwaka na hufanywa kila mwaka, na mvua inayofuata hulirudisha ndani. Lipangeni kando ya njia ambapo lori hufika, na mwombeni chifu au ofisi ya wadi ipange siku ya kuzoa kabla hamjaanza.

Tope likishatoka, osheni kwa sabuni na maji, ndipo mpake dawa. Mkiimwaga Jik juu ya tope, nguvu yake inaishia kwenye uchafu na wadudu wanabaki. Chupa iliyoandikwa asilimia 3.5, changanyeni kopo 1 na makopo 6 ya maji. Acheni sakafuni dakika 10. Msiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, maana hutoa gesi inayochoma mapafu, na vyoo vyetu havina dirisha la maana. Godoro la sponji lililolowa maji ya choo halisafishiki. Litupwe, na liandikwe kwenye orodha.

Kisima

Kwenye mitaa ya visima vifupi, Kisauni hasa, choo cha shimo na kisima vimekaribiana mno kuliko mita 30 zinazopendekezwa, na ardhi ya matumbawe hupitisha maji upesi. Chukulieni kila kisima kilichofikiwa na mafuriko kuwa kichafu.

Ngojeni maji ya juu ya ardhi yapungue. Toeni uchafu unaoelea, safisheni ukingo, kisha chota au pampu maji machafu taratibu. Msikikaushe ghafla: ardhi iliyoloa husukuma kuta, kisima kikaporomoka, na karibu na pwani mtavuta maji ya chumvi. Pampu ya petroli ikae nje, mbali na mdomo. Ikishushwa kisimani, moshi wake hujaa humo na humuua anayeshuka, na mara nyingi anayemfuata kumwokoa pia.

Kipimo cha dawa: upana wa kisima wa mita 1 wenye maji ya kina cha mita 3 ni kama lita 2,350. Koroga gramu 33 za klorini ya unga (ile ya asilimia 65 hadi 70) katika ndoo ya lita 10 za maji, kwa kijiti, si mkono. Lita 1 ya mchanganyiko huo hutibu lita 100 za kisima, kwa hiyo hapa mtahitaji lita 23 na nusu, karibu gramu 78 za unga. Mwageni, funikeni, acheni usiku mzima, kila mtu wa nyumba na jirani akiwa ameambiwa. Kesho yake chota mpaka harufu kali ipungue.

Hiyo haimalizi. Choo kikiwa hapo hapo, uchafu hurudi ndani ya siku chache. Maji ya kunywa yaendelee kutibiwa nyumbani: tembe moja ya Aquatabs ya miligramu 67 kwa dumu la lita 20, subirini dakika 30. Yakiwa na vumbi, yaacheni yatulie, yachujeni kwa leso iliyokunjwa mara nne, na tieni tembe mbili.

Ukumbi ukigeuka makao

Kila mtu mita za mraba 3.5, maji lita 15 kwa siku, choo kimoja kwa watu 20, vya wanawake mbali na vya wanaume, taa ikiwaka usiku kucha. Ukumbi wa mita 10 kwa 15 basi ni watu 42. Wakija 90, gawaneni na jirani kabla ya magharibi, msisubiri usiku wa manane.

Kanisa likipokea, lieleze mapema pa kuswalia na pa kutawadhia. Msikiti ukipokea, Mkristo aonyeshwe pa kuvulia viatu na pa kulala bila kufanywa mgeni wa kuangaliwa. Mahubiri yasiwe ushuru wa sahani. Kanuni za maadili za mwaka 1994 za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada zinakataza msaada kutumika kuendeleza dini au siasa, na hilo linamhusu pia mheshimiwa anayetaka bendera yake juu ya sufuria.

Jikoni, upishi uwe halali wote, hata kwa kundi la kanisa. Njia rahisi ni wali kwa maharage au mbaazi za nazi: watu 100, mchele kilo 15 na maharage kilo 7. Nyama ikiingia, muulizeni aliyechinja. Mafuriko yakiangukia Ramadhani, kama masika ya 2024 yalivyoanza, pikeni futari na daku, na watoto na wagonjwa wapate cha mchana bila kujificha.

Kifurushi cha kwenda nacho nyumbani, watu watano kwa siku 14: unga na mchele kilo 28, maharage kilo 4.2, mafuta lita 2, chumvi nusu kilo. Ongezeni leso mbili, sodo na sabuni. Mgao ufanyike asubuhi, isiwe Ijumaa wala Jumapili, vyumba 150 kwa kituo kimoja na si zaidi, wazee na wajawazito wakiwa na mstari wao. Picha ya mtu akipokea unga, mpaka akubali.

Pesa na zaka

Zaka ya Kiislamu ina wanaostahiki wake, kwa hiyo haingii kwenye kapu la kukodi pampu. Iwe na daftari lake; imamu aamue. Sadaka na michango ya kanisa inaweza kubeba petroli, magunia na lori. Namba ya kupokelea pesa iwe ya kikundi, si ya mwenyekiti, na watu wawili waidhinishe kila matumizi. Jumla ya mapato na matumizi ibandikwe mlangoni kila wiki.

Soko likishafunguka, mama wa mahamri aliyepoteza karai na unga anasaidika zaidi na pesa kwenye simu kuliko na kifurushi cha pili.

Wiki ya pili

Kuhara huja kwanza. Mnywesheni mgonjwa mchanganyiko wa lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kinyesi kikiwa kama maji ya mchele, hospitali mara moja. Kisha mbu wa dengi, anayeuma mchana na kuzaa kwenye madumu, matairi na vifuu. Mwageni maji hayo kila wiki, maana yai huwa mbu ndani ya siku saba hadi kumi. Mwenye homa na maumivu ya viungo apewe parasetamoli tu mpaka apimwe. Aspirini na ibuprofeni huzidisha kutokwa damu.

Vifaa vikirudi, osheni, kausheni, hesabuni. Pampu imwageni petroli kabla ya kuihifadhi, na muiwashe dakika kumi kila mwezi. Ile inayokaa stoo tangu vuli hadi masika na mafuta ndani huziba kabureta, na haitawaka siku mnayoihitaji.