Kuandika Habari: Anza na Jambo, Si na Cheo

Habari ya gazeti, redio au tovuti hutengemaa au huharibika katika aya ya kwanza, kwa hiyo anayejifunza uandishi wa habari na atumie muda wake mwingi hapo. Aya hiyo imweleze msomaji ni jambo gani limetokea, linamgusa nani, wapi na lini, kwa maneno yasiyozidi thelathini hivi. Maswali ya kwa nini na kwa namna gani yanaweza kujibiwa katika aya ya pili au ya tatu.

Kasoro iliyozoeleka mno katika vyombo vyetu vya habari ni kuanza na cheo cha kiongozi na ukumbi aliozungumzia. Tuchukue mfano wa kubuni, ambapo Baraza la Madiwani limepandisha ushuru wa soko. Mwandishi mchanga huandika: “Mwenyekiti wa Halmashauri ya Wilaya jana aliongoza kikao cha kawaida cha Baraza la Madiwani kilichofanyika katika ukumbi wa halmashauri na kuhudhuriwa na viongozi mbalimbali.” Aya imekwisha na msomaji hajajua kilichoamuliwa. Habari yenyewe ni hii: “Wafanyabiashara wa soko kuu watalipa ushuru wa kizimba wa Sh20,000 kwa mwezi, badala ya Sh15,000, kuanzia Julai 1, baada ya Baraza la Madiwani kupitisha viwango vipya jana.” Mama anayeuza nyanya katika soko hilo ana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya kuambiwa nani alikalia kiti cha mbele, na mwenyekiti atapata nafasi yake pale atakapoeleza sababu ya uamuzi huo.

Baada ya hapo mambo yapangwe kwa uzito wake, si kwa mfuatano wa ratiba ya kikao. Mhariri anapopungukiwa na nafasi hukata habari kutoka chini, na msomaji wa simu huacha kusoma wakati wowote, hivyo maelezo yasiyoweza kukosekana yasiwekwe mkiani. Katika mfano wetu, aya ya pili ingeeleza kuwa nyongeza hiyo ni theluthi moja ya ushuru wa zamani, kwa kuwa tarakimu peke yake haimwonyeshi msomaji ukubwa wa mzigo, na ya tatu ingetoa sababu za halmashauri. Zifuate kauli za wafanyabiashara wenyewe, pamoja na diwani aliyepinga, ikiwa yupo. Habari yenye sauti ya upande mmoja haijakamilika. Anayetajwa kwa ubaya apigiwe simu kabla habari haijachapishwa na apewe muda wa kutosha wa kujibu.

Kila dai liwe na mwenyewe. Andika “amesema” bila woga wa kulirudia, kwa maana maneno kama “amefichua” na “amekiri” hubeba hukumu ambayo huenda chanzo chako hakuitoa. Ukiweka alama za kunukuu, yaliyomo yawe maneno aliyoyatamka mhusika, yasiyopambwa wala kurekebishwa. Pale inapowezekana, usitegemee kauli ya mdomo tu: omba muhtasari wa kikao, bajeti au hati ya mashtaka. Tanzania na Kenya zote zilitunga sheria za haki ya kupata taarifa mwaka 2016, nazo zinampa raia njia ya kuomba nyaraka za taasisi za umma kwa maandishi.

Angalia pia wakati. Gazeti la asubuhi husomwa siku inayofuata, hivyo tukio la leo huandikwa “jana”, ilhali redio husema “leo” kwa tukio lilelile. Taarifa iliyotumwa kwa Kiingereza ikitaja 14:00, wewe andika saa 8 mchana. Wapo wasomaji waliokosa mikutano kwa sababu mwandishi alihamisha tarakimu bila kuzigeuza.

Habari za polisi na mahakama zinahitaji uangalifu wa pekee. Aliyekamatwa ni mtuhumiwa. Akishasomewa mashtaka mahakamani ni mshtakiwa. Hawi mhalifu mpaka mahakama imtie hatiani. Msingi huo umo katika Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Tanzania na Ibara ya 50(2)(a) ya Katiba ya Kenya, na mwandishi anayeandika “mwizi akamatwa” ameshatoa hukumu kabla ya hakimu. Mtoto aliyefanyiwa ukatili asitajwe kwa jina, na majina ya wazazi wake, shule yake na mtaa wake pia yaachwe, kwa sababu majirani huunganisha vipande hivyo kwa haraka.

Kabla ya kukabidhi kazi kwa mhariri, isome kwa sauti, jumlisha tena kila hesabu, kisha mpigie simu kila uliyemtaja akuhakikishie tahajia ya jina lake na cheo chake cha sasa.