Jinsi ya kujiwekea pensheni kwa mapato ya giza na mbalamwezi

Wengi wa wanaokuja kwangu kuomba ushauri wa fedha hapa Mwanza hawajui mshahara wa mwisho wa mwezi. Mapato yao hufuata mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi inapoangaza ziwa samaki hao hawakusanyiki tena kwenye taa, mitumbwi mingi hubaki ufukweni, na mzigo unaofika soko la samaki la Mwaloni Kirumba hupungua. Mtu wa namna hii akiambiwa aweke kiasi kilekile kila tarehe 30, atajaribu miezi miwili kisha ataacha, nami simlaumu, kwa kuwa mpango huo haukutengenezwa kwa ajili yake.

Anza na daftari. Kwa muda wa mwaka mmoja andika mapato na matumizi yako kwa kila mzunguko wa giza na mbalamwezi, ukitenganisha kwa uaminifu fedha ya biashara na fedha ya nyumbani. Ukishajua giza moja hukuachia faida kiasi gani baada ya kulipa mafuta, wafanyakazi, matengenezo ya nyavu na madeni, chagua sehemu ya faida hiyo itakayokwenda kwenye uzee. Mimi hupendekeza sehemu moja kati ya kumi kwa anayeanza, nayo itolewe siku ileile ya mauzo, kabla fedha haijalala nyumbani. Siku za mbalamwezi usijilazimishe kuweka chochote.

Hapa kuna kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine yote. Mwenye mtumbwi huniambia kwamba mtumbwi wenyewe ndio pensheni yake, na kila anapopata faida hununua nyavu nyingine au injini nyingine. Ninaheshimu bidii hiyo, lakini mbao huoza, injini huchakaa, nyavu huibwa, na siku nguvu zitakapokuishia ndiyo siku ambayo usimamizi wa chombo utakuwa mgumu zaidi. Mtaji ni wa kazi. Fedha ya uzee inapaswa kukaa mahali ambapo biashara haiwezi kuifikia, hata biashara hiyo ikiwa na shida ya kweli.

Kabla ya kuanza kuweka fedha hiyo ya uzee, jenga akiba ya dharura inayotosha matumizi ya nyumbani ya miezi mitatu hadi sita. Iweke benki, au katika Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya Serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambako vipande, yaani sehemu zako katika mfuko, huweza kuuzwa na fedha ikarudi ndani ya siku chache za kazi. Kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, nacho kina faida yake, hasa kwa nidhamu inayotokana na kukutana kila wiki, ila kinavunjwa kila mwaka na fedha yake huishia kwenye ada za shule na sikukuu. Kwa hiyo usikihesabu kuwa ni mpango wa kustaafu.

Hatua inayofuata ni NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ambayo hupokea pia wanachama waliojiajiri. Kwa mwajiriwa wa sekta binafsi mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata zaidi ya nusu ya mchango huo. Anachopaswa kufanya mwajiriwa ni kuhakiki mara kwa mara kwamba michango hiyo inawasilishwa kweli. Aliyejiajiri hana wa kumkumbusha. Akumbuke kwamba pensheni ya kila mwezi huhitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15, na kwamba umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na wa lazima ni 60. Mwenye miaka 45 anayeahirisha kwa miaka michache tu anajifungia mlango mwenyewe.

Muda ndio wenye nguvu kubwa kuliko kiasi. Tuchukulie, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba fedha yako inakua kwa asilimia 10 kwa mwaka. Anayeweka wastani wa shilingi 100,000 kwa mwezi kwa miaka 15 atakuwa na takriban shilingi milioni 41, na anayeweka kiasi hichohicho kwa miaka 25 atakuwa na takriban milioni 133. Bei za vitu nazo zikipanda kwa asilimia 4 kila mwaka, milioni 41 hizo zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa takriban milioni 23. Ndiyo maana fedha iliyofichwa chini ya godoro hupungua ingawa hakuna aliyeichukua.

Ukishakusanya shilingi milioni moja isiyo ya dharura, fikiria hatifungani za Serikali, yaani kuikopesha Serikali kwa riba, zinazouzwa na Benki Kuu ya Tanzania, yenye tawi hapa Mwanza. Utafungua akaunti ya kuhifadhia dhamana, yaani hatifungani na hisa zako, kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa, kisha utashiriki mnada. Riba hulipwa kila baada ya miezi sita, na kiwango chake hakibadiliki hadi hatifungani iive, yaani muda wake uishe. Mwezi Aprili 2022 riba ya hatifungani mpya za miaka 25 ilishushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, lakini waliokuwa wamenunua kabla ya hapo waliendelea kulipwa kiwango chao cha awali. Hisa ninamshauri mtu anunue tu kwa fedha ambayo hataihitaji kwa miaka kumi.

Akija mtu na ahadi ya kuizidisha fedha yako mara mbili kwa miezi michache, linganisha ahadi hiyo na riba ya Serikali uliyoisoma hapo juu, kisha mwache aende zake. Mwaka 2009 mchezo wa upatu wa DECI, ulioitwa wa kupanda na kuvuna, ulimeza akiba za watu wengi nchini, na michezo ya namna hiyo hurudi kwa majina mapya.

Mwisho, andika jina la mnufaika kwenye kila fomu unayojaza, na uwaeleze mwenzi wako na mtoto mmoja mkubwa zilipo kadi ya NSSF, namba ya akaunti ya dhamana na stakabadhi za vipande. Zifungeni pamoja katika mfuko mmoja usiopitisha maji, mbali na nyaraka za mtumbwi.