Fremu chumbani mwa mtoto: toa kioo kwanza

Wazazi wenzangu wa Goma, mkitaka kupamba ukuta wa chumba cha mtoto kwa picha zenye fremu, anzeni kwa kutoa kioo. Ardhi yetu hutikisika. Baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka Mei 2021 ilitetemeka siku kwa siku, na kioo kikidondoka kitandani ni hatari tupu. Weka plastiki ngumu inayoonyesha. Inakatika kwa kisu kikali. Hata hivyo, upande wa kichwani usitundike chochote.

Kwenye nyumba ya mbao, msumari usiupige katika ubao mwembamba wa ukuta. Gongagonga kwa kidole mpaka usikie sauti imekuwa nzito: hapo nyuma kuna nguzo. Kila fremu ipate misumari miwili, isipinde nyumba ikicheza. Kwenye kona za chini, kwa nyuma, gundisha vipande vya kandambili iliyochakaa ili hewa ipite, maana mvua zikianza karatasi hushika ukungu upesi sana.

Urefu ni wa macho ya mtoto, si yako. Na fremu nzuri kuliko zote mimi ningeupa mchoro wake mwenyewe, niubadilishe kila akileta mwingine anaoupenda zaidi.