Namna ya Kumpata Mwandishi Mpya wa Fantasia kwa Kuanza na Hadithi Tangulizi

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiongoza kikundi kidogo cha wasomaji hapa Mbeya, na swali ninaloulizwa mara nyingi ni namna ya kumjua mwandishi mpya wa fantasia, yaani hadithi za ulimwengu wa maajabu, bila kununua kitabu kinene ambacho mtu ataishia ukurasa wa 50. Jibu langu halijabadilika: anza na hadithi tangulizi, yaani hadithi fupi au novela (riwaya fupi) inayosimulia mambo yaliyotangulia visa vya riwaya kubwa za mwandishi huyo.

Hatua ya kwanza ni kuchagua, na hapa ndipo penye kazi. Zipo hadithi tangulizi zilizoandikwa kwa ajili ya watu wanaowapenda wahusika tayari, na hizo hazimfai mgeni. Zipo nyingine zenye uhai wake zenyewe. Ili kuzitofautisha, soma kurasa mbili za mwanzo ukiwa umesimama palepale kwa muuza vitabu vya mtumba, Mwanjelwa au popote ulipo. Ukikuta majina ya wafalme na falme yamerundikwa kabla mtu yeyote hajatenda jambo, kirudishe kitabu. Ukimkuta mtu mmoja mwenye shida moja inayoeleweka, kinunue.

Hatua ya pili ni kuisoma kwa mkao mmoja, au kwa safari moja. Mimi nilimfahamu George R. R. Martin ndani ya basi la kwenda Iringa, kwa novela yake The Hedge Knight ya mwaka 1998, ambayo visa vyake vinatangulia vya riwaya yake A Game of Thrones ya mwaka 1996 kwa takriban miaka 90. Hadithi inaanza na kijana anayemchimbia kaburi bwana wake mzee, akiwa peke yake, kisha anatafakari alichoachiwa: farasi watatu, upanga na zana za vita zilizochakaa. Anajiuliza auze nini na abaki na nini. Tulipofika Makambako sikuwa nimeinua kichwa, kwa kuwa hesabu ile ya mtu maskini anayepima mali ya marehemu niliielewa bila kufafanuliwa.

Usiifungue kamusi kwa kila neno geni la Kiingereza. Pigia mstari kwa penseli, endelea, na utafute maana utakapofika mwisho.

Hatua ya tatu, ambayo wengi huiruka, ni kujiuliza ulichokipenda ni nini hasa. Chukua daftari, nakili sentensi moja iliyokusimamisha, kisha ueleze chini yake kwa maneno yako mwenyewe kilichokusimamisha. Katika novela niliyoitaja, joka tunaloonyeshwa ni kikaragosi cha maonyesho tu, kwa maana majoka halisi yamekwisha kufa wakati huo. Hivyo nilipojichunguza niligundua kwamba sikuwa nimevutwa na maajabu, bali na jinsi mwandishi anavyomweka mtu mnyonge mbele ya wakubwa na kumtaka aamue. Hiyo ndiyo faida kubwa ya hadithi tangulizi fupi: mapambo yanapokuwa machache, mkono wa mwandishi unaonekana. Wanaodhani fantasia ni jambo la kigeni nawaomba wakumbuke Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ambamo ndugu wawili wamegeuzwa manyani, na bado kinachobaki moyoni ni uchungu wa Adili anayelazimika kuwachapa.

Hatua ya nne ni kuingia kwenye riwaya zenyewe, na hapa nashauri ufuate mpangilio wa kuchapishwa, si wa matukio. Chukua mfano wa C. S. Lewis: The Magician's Nephew, kinachoeleza chanzo cha Narnia, nchi ya kubuni ya mfululizo wake wa vitabu, kilitoka mwaka 1955, ilhali kitabu cha kwanza cha mfululizo huo kilitoka mwaka 1950. Mwandishi anayerudi nyuma huandika akijua tayari yatakayofuata, na huweka ndani yake ishara ambazo utazitambua vizuri zaidi ukirudia hadithi tangulizi baadaye. Kwa upande wa Martin, jiandae pia kwamba miaka 90 ni mingi. Kijana uliyempenda hutamkuta kwenye riwaya, na riwaya yenyewe ina kurasa zaidi ya 600. Utakachokikuta tena ni jicho lilelile la mwandishi.

Ukienda maktaba ya mkoa kutafuta kitabu, tafuta kwa jina la ukoo la mwandishi, kwa kuwa ndivyo vitabu vya hadithi hupangwa rafuni kwa kawaida. Martin utamtafuta kwenye M, na ukiwa hapo tazama kama kuna kitabu chake kingine kifupi kabla hujabeba kile kinene.