Bayogesi ya ng'ombe wawili: namna ya kuulisha mtambo usife

Wadau, kama una ng'ombe wawili wa ndani na bado unanunua mkaa, hii inakuhusu. Mi niko huku Machame, mlimani Kilimanjaro, kihamba (shamba la nyumbani) cha kawaida tu, migomba juu kahawa chini, ng'ombe wawili wa maziwa bandani, na mtambo wangu wa bayogesi, yaani gesi ya kupikia inayotokana na kinyesi, unaingia mwaka wa saba sasa. Nimeona mitambo ya majirani ikifa na mingi haikufa kwa ujenzi mbovu, imekufa kwa kulishwa vibaya au kusahauliwa. Kwahiyo ujenzi ntaugusa kidogo, habari ya kulisha ndo ntakaa nayo.

Kitu cha kwanza elewa hivi: ule mtambo ni tumbo la ng'ombe limefukiwa ardhini. Vijidudu vinavyotengeneza gesi ni walewale wanaoishi tumboni mwake, hawataki hewa, wanapenda joto, na wanataka chakula kilekile kila siku. Ukimkumbuka ng'ombe kila unapofanya maamuzi kuhusu mtambo, mengi hutakosea.

Hesabu iko hivi. Ng'ombe wa kulishiwa bandani anatoa kinyesi kama kilo 15 mpaka 20 kwa siku, wawili weka kilo 35. Kilo moja ya kinyesi kibichi inatoa lita 35 mpaka 40 za gesi, kwahiyo unapata lita 1,200 na kitu kwa siku. Jiko la plate moja linakula lita 300 mpaka 400 kwa saa, yaani una masaa matatu hivi ya moto: chai asubuhi, ugali na mboga mchana, jioni unabandika maharage. Familia ya watu watano sita inatosha kabisa. Ila kama ng'ombe wanashinda malishoni na kinyesi kinabaki huko, usijenge kwanza, utachoka kuokota.

Saizi, ng'ombe wawili ni mtambo wa mita za ujazo 4 mpaka 6. Huku mlimani kuna baridi na vijidudu vinafanya kazi polepole, kinyesi kinatakiwa kikae ndani muda mrefu zaidi, siku 60 au zaidi, kwahiyo mi nilichukua 6. Mtu wa Tanga au Moro anaweza kwenda na 4. Kuna ile ya mfuko wa plastiki, ni rahisi kwa bei lakini jua linaula na mbuzi akipita na kwato basi. Ya kuba la matofali chini ya ardhi inakaa miaka 15, 20. CAMARTEC, kile kituo cha serikali cha teknolojia za kilimo na vijijini pale Arusha, wamekuwa kwenye mitambo ya kuba tangu miaka ya 80, na fundi unayemtafuta ni yule aliyefundishwa kazi hii hasa, sio fundi nyumba yeyote, kwasababu kuba lazima lipigwe plasta ndani tabaka juu ya tabaka mpaka lisivuje, ufa wa unywele tu unatoa gesi yote. Shimo liwe chini kidogo ya banda ili kinyesi na mkojo viteremke vyenyewe, lisiwe mbali na jiko, na lisisogelee kisima.

Bomba la gesi simamia kwa macho yako. Gesi inatoka na mvuke, ikipoa inakuwa maji ndani ya bomba, kwahiyo bomba lote liwe na mteremko kuelekea kwenye mtego wa maji, sehemu ya chini kabisa yenye koki ya kumwagia. Langu mwanzoni lilikuwa limebonyea katikati chini ya udongo na moto ulikuwa unaruka, unawaka unashuka unawaka unashuka, kama mtu anapumua kwa shida. Tulihangaika mwezi mzima tukidhani gesi ni kidogo kumbe maji yamejaa kwenye lile bonde. Viungo vyote paka povu la sabuni, ukiona mapovu yanakua hapo kunavuja.

Kuanzisha sasa. Kusanya kinyesi kingi kabla, omba na kwa majirani, changanya na maji nusu kwa nusu, ndoo ya kinyesi kwa ndoo ya maji, koroga mpaka iwe kama uji mzito wa mtoto bila mabonge, mimina mpaka fundi akwambie imetosha. Subiri wiki mbili mpaka nne, kwenye baridi hata sita. Gesi ya kwanza haiwaki vizuri, ina hewa na kaboni daioksaidi nyingi, na hapo ndo pa hatari, maana methani, ndo ile gesi yenyewe inayowaka, ikichanganyika na hewa inaweza kulipuka. Fungua koki uitoe yote nje, pasiwe na moto wala sigara karibu, rudia mara mbili tatu. Kujaribu kuwasha ni jikoni kwenye jiko, kamwe sio kwenye mdomo wa bomba pale mtamboni.

Baada ya hapo ni kila siku, jamani, kila siku. Asubuhi baada ya kukamua, kinyesi cha jana na maji sawa kwa sawa kwenye chemba ya kuchanganyia, toa mchanga, mawe na majani marefu kwa mkono, koroga, fungulia. Mkojo wa ng'ombe unaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya maji na ni mzuri. Usikose siku tatu halafu siku ya nne ukamwaga ndoo kumi, tumbo linachacha. Kinyesi cha nguruwe sawa, cha kuku kidogokidogo tu, maganda ya ndizi na mabaki ya jikoni yakatwe vipandevipande na yasizidi. Maranda usiweke, hayaozi yanatengeneza utando juu.

Sumu yake ni sabuni na dawa. Mwaka wangu wa pili kijana aliosha banda kwa dawa ya kuua vijidudu na maji yote yakaenda kwenye chemba, wiki tatu tukarudi kwenye kuni. Kinyesi cha ng'ombe aliyechomwa antibayotiki pia kiweke pembeni mpaka dozi iishe na siku kadhaa zipite. Mtambo ukigoma, acha kulisha wiki moja, halafu anza upya kidogokidogo na kinyesi kibichi cha ng'ombe mzima. Na mtu asiingie ndani ya mtambo kwa sababu yoyote, hata ukionekana mtupu, gesi ya mle inaua kabla hujapiga kelele.

Jiko nunua la bayogesi, lile la mtungi tundu lake ni dogo na gesi hii ina presha ndogo. Moto mzuri ni wa bluu. Kama inanuka mayai viza weka chujio lenye nyuzi za chuma, stilwaya zile za kusugulia sufuria, ukibadilisha zikishachakaa na kuwa nyeusi.

Tope linalotoka upande wa pili ni mbolea, usiliache juani, nitrojeni inayolisha mimea inaruka. Mi nimechimba mtaro wenye kivuli cha migomba, linateremka lenyewe, na kwenye majani ya tembo namwaga kwa ndoo nikishakata, jioni jua likipoa, nafukia kidogo na udongo.