Kuanza kazi ya kusafisha vioo vya madirisha Dar es Salaam: hatua kwa hatua

Mwongozo huu nauandika kwa kijana anayetaka kuishika kazi ya vioo kama fundi, si yule anayeambiwa "pitisha na madirisha" akishamaliza kudeki. Kazi zangu nyingi ziko Dar es Salaam, kwa hiyo mifano yangu ni ya jiji lenye chumvi ya bahari, vumbi la barabarani na maji ya visima. Tanga, Mtwara na Mombasa mambo ni yaleyale. Ukiwa Dodoma, ondoa chumvi, ongeza vumbi.

Likae kichwani jambo moja tangu mwanzo: alama nyingi zinazobaki kwenye kioo zimetokana na maji yaliyoachwa yakaukie palepale. Maji yanabeba uchafu, chumvi na sabuni. Yakikauka yanaviacha vyote hapo. Kazi yako ni kuyatoa kwenye kioo kabla hayajakauka.

Hatua ya 1: Vifaa

Skwiji (kifaa cha kuvutia maji kwenye kioo kwa ukingo wa mpira) ya sentimita 35 yenye mpira mzuri, kilowesho chenye manyoya, ndoo ambayo kilowesho kinaingia bila kubanwa, vitambaa vya maikrofaiba visivyopungua kumi, brashi ndogo ya reli, skrepa yenye wembe wa kubadilisha, na mpini wa kurefuka. Basi. Dawa za kupuliza zenye rangi ya bluu waachie wa nyumbani. Hela hiyo nunulia mipira ya akiba.

Nasisitiza mpira kwa sababu ndio unaofanya kazi. Skwiji nyepesi ya mpira mmoja tunayotumia leo inatokana na kazi ya Ettore Steccone, Mwitalia aliyehamia Marekani, mwaka 1936. Kabla yake skwiji zilikuwa za chuma kizito, zenye mipira miwili na skrubu nyingi, na kubadilisha mpira ilikuwa shughuli. Leo ni suala la dakika moja, kwa hiyo hakuna sababu ya kuvuta mpira uliochoka. Upande mmoja ukiisha makali, ugeuze. Pande zote zikiisha, weka mpya. Hakikisha mpira unatokeza kidogo, kama milimita 2 au 3, kila mwisho wa chuma chake, la sivyo chuma kitakwaruza fremu na pembeni patabaki maji.

Hatua ya 2: Zunguka nyumba na mwenye nyumba

"Shikamoo mama, naomba tuzunguke pamoja kabla sijaanza." Sentensi hii itakuokoa na ugomvi mwingi. Piga picha kwa simu kila mchubuko, ufa na neti iliyochanika, na umwonyeshe hapohapo. Uliza vioo vipi vina tinti ya kubandika. Tinti hukaa upande wa ndani, haitaki wembe wala dawa yenye amonia. Angalia pia kona za kioo: kilichoimarishwa kwa joto mara nyingi kina mhuri mdogo. Nitakwambia kwa nini mhuri huo ni muhimu tukifika kwenye nyumba mpya.

Tazama na jua. Kioo chenye moto hukausha sabuni kabla mkono haujafika chini. Asubuhi anza madirisha yanayotazama magharibi, mchana hamia mashariki. Pande mbili zilizobaki zinabadilika kwa msimu: mwezi wa sita jua la adhuhuri liko kaskazini kwetu, mwezi wa kumi na mbili liko kusini.

Hatua ya 3: Maji

Maji ya kisima ya sehemu nyingi za jiji yana chumvi na chokaa. Yaonje tu, au tazama weupe uliokauka mdomoni mwa bomba. Kwa kioo tumia maji ya mvua au ya bomba la mamlaka yakipatikana. Maji ya kisima yakiwa ndiyo pekee, loweka eneo dogo na uvute haraka.

Sabuni ya maji ya vyombo, kijiko kimoja cha chai kwenye ndoo ya lita 10. Wengi humimina mpaka povu lifurike, halafu wanashangaa kioo kina ukungu. Sabuni kazi yake ni kulainisha uchafu na kuufanya mpira uteleze. Ikizidi hapo, inakuwa uchafu mwingine wa kuondoa.

Hatua ya 4: Neti, reli, fremu, kioo

Usivunje mpangilio huu. Neti zitoe, zipeleke nje, zipige brashi taratibu na uzisuuze. Reli za madirisha ya aluminiamu zipige brashi zikiwa kavu na uondoe mchanga kwanza. Ukimwaga maji juu ya vumbi umetengeneza tope, na tope hilo litarukia kioo ulichomaliza. Kisha futa nondo na fremu. Kioo kiwe cha mwisho.

Nyumba zinazotazama bahari, Msasani, Mbezi Beach, Kigamboni, zisuuze kwanza kwa maji matupu kabla ya kugusa kioo. Upepo wa kusi na kaskazi unabandika chumvi na mchanga laini, na ukisugua vikiwa vikavu unachora kioo.

Hatua ya 5: Kuvuta

Hapa ndipo fundi anapoonekana. Lowesha kioo chote, sugua kona, kisha kausha kwa kitambaa ukanda mwembamba wa juu kabisa, upana wa kidole. Weka mpira kwenye ukanda huo mkavu. Mpira ukianzia kwenye maji, utaacha michirizi toka mwanzo. Vuta kwa mgandamizo ulio sawa toka juu hadi chini, mpini ukilala kiasi karibu na kioo. Futa mpira kwa kitambaa. Mkupuo wa pili uingie juu ya wa kwanza kwa sentimita 3 hivi. Endelea hadi mwisho, halafu kausha kingo kwa kitambaa kikavu: mara moja kila ukingo, bila kurudia katikati.

Ile staili ya kuzungusha skwiji bila kuinua inavutia na inaokoa muda. Jifunze baadaye. Kwanza mkono uzoee kushuka kwa mgandamizo mmoja.

Nje vuta wima, ndani vuta kwa mlalo. Mstari ukionekana, mwelekeo wake utakwambia uko upande gani, hutakimbia nje na ndani ukiutafuta. Mstari mwembamba ulionyooka na unaojirudia mahali palepale: mpira una pengo. Ukungu mpana: sabuni nyingi au mafuta. Nukta nyeupe ngumu: chokaa ya maji, mara nyingi kwenye madirisha ya chini yanayopigwa na maji ya kumwagilia bustani. Hizo paka siki nyeupe, ziache zikiwa mbichi dakika chache, sugua, suuza vizuri. Linda kizingiti cha marumaru au terazo, siki inakula chokaa iliyomo ndani yake.

Hatua ya 6: Nyumba mpya, kuwa mwangalifu sana

Kazi nyingi zitakazokuja kwa simu ni nyumba zilizotoka kwa mafundi ujenzi: vioo vina saruji, rangi, silikoni. Mwenye nyumba anadhani ni kufuta tu. Si kufuta, na bei yake si ya kufuta.

Loweka muda mrefu, rudia kulowesha. Skrepa tumia wembe mpya, kioo kikiwa kimelowa, na usukume mbele tu, kisha uinue. Ukirudisha wembe nyuma unaburuza chembe ya mchanga chini yake. Sikiliza: wembe ukiteleza kimya, endelea, ukisikia mkwaruzo, acha papo hapo. Vioo vyenye ule mhuri wa kona vinaweza kuwa na chembe ndogo zilizogandia usoni tangu kiwandani. Wembe ukizing'oa unaziburuza na kioo kizima kinachorwa. Kwa vioo hivyo, wembe tumia tu ikiwa mwenye nyumba amekubali hatari hiyo kwa maandishi. Saruji iliyokaa miezi huenda imeshakula kioo chenyewe, na hilo mwambie kabla hujaanza. Asidi kali wanazouziana watu kwenye chupa zisizo na lebo usiziguse kabisa. Kuna zinazounguza mpaka mfupa.

Hatua ya 7: Urefu

Anza na nyumba za chini na maduka. Mpini wa kurefuka utakufikisha ghorofa ya kwanza huku miguu iko ardhini. Ukilazimika kupanda, kila mita 4 za urefu vuta miguu ya ngazi mita 1 kutoka ukutani, mtu aishike, na ngazi ya aluminiamu ikae mbali na nyaya za umeme. Kamba za maghorofa marefu zina mafunzo na vyeti vyake. Bosi akikwambia "jifunge tu kamba ushuke", kataa kazi hiyo. Nasema hivi kwa uzito wote.

Hatua ya 8: Wateja na bei

Tafuta saluni, maduka ya dawa na migahawa ya kando ya barabara. Vioo vyao huchafuka kila wiki, na mteja wa kila wiki ndiye anayelipa kodi yako. Fika kabla hawajafungua, omba ruhusa ya kusafisha nusu ya kioo cha mlango bure, halafu msimame pamoja upande wa pili wa barabara mtazame. Nusu ile nyingine itakuongelea.

Bei hesabu kwa kioo, pande mbili, na neti ziwe na bei yake. Ukitaja bei ya "nyumba nzima" kwenye simu, utafika ukute madirisha ishirini zaidi ya uliyoambiwa. Andika muda unaotumia kila kazi, baada ya mwezi utajua bei yako ya chini kabisa ni ipi, na mteja akisema "punguza bosi" utajua unaishia wapi. Ofisi zitakuuliza TIN, leseni ya biashara na risiti, kwa hiyo anza taratibu za TRA na halmashauri mapema.

Vitambaa vifue kila jioni kwa sabuni ya kawaida, peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo. Dawa hiyo inaacha utando wa mafuta kwenye nyuzi, na kesho yake utautandaza kwenye kila kioo utakachogusa.