Jinsi ya kuishi Dar bila kutegemea gari na bila kutupa taka dirishani

Juzi nipo kwenye daladala la Gongo la Mboto, mbele yangu kakaa kijana kamaliza maji yake, tumefika Buguruni kwenye foleni akasogeza kioo, chupa hiyooo mtaroni, wala hakuangalia imeangukia wapi. Mimi naangalia kwa sababu nyumbani kwetu tunakaa kule mtaro unakoishia, masika yakianza tunapandisha magodoro juu ya meza, na ukifunua mfuniko wa mtaro wetu unakutana na chupa zilezile, mirija, pampasi, viatu vya mguu mmoja. Kwahiyo chupa yake ile naijua inakoenda.

Watu wanasemaga wazungu wamezaliwa wasafi na wamezaliwa wanapenda treni, sisi ndo tulivyo basi. Sio kweli jamani. Wafaransa na Wamarekani wote walikuwa wanatupa ovyo, wakawekewa utaratibu, na kwenye magari wakaenda njia mbili tofauti kabisa. Mimi nasema kwa Mfaransa tuchukue pipa na usafiri wa pamoja, kwa Mmarekani tuchukue namna ya kumwambia mtu mpaka akasikia, ila ile kujenga mbali na kila kitu tumwachie mwenyewe. Nakueleza navyofanya.

Anza na pipa la nyumbani. Paris ya karne ya 19 watu walikuwa wanamwaga taka barabarani tu, mpaka mwaka 1883 mkuu wa mkoa wao, jamaa anaitwa Eugène Poubelle, akatoa amri kila mwenye nyumba awawekee wapangaji wake vyombo vyenye mfuniko, tena vitatu, kimoja cha mabaki ya chakula, kimoja cha karatasi na matambara, kimoja cha vioo, vigae na maganda ya chaza. Wenye nyumba walilalamika sana, ila mpaka leo pipa la taka kwa Kifaransa linaitwa poubelle, jina la huyo baba. Sasa angalia, amri ilienda kwa mwenye nyumba, haikuenda kwa mpangaji. Na wewe kama umepanga usinunue pipa kimyakimya peke yako, kaeni wapangaji wote mwende kwa baba mwenye nyumba siku anayokuja kuchukua kodi, mwambieni mnataka pipa lenye mfuniko pale uani, hapo ni rahisi kukubali kwa sababu mtaro ukiziba nyumba yake ndo inaoza. Likishapatikana tengeni: maganda na mabaki mpeni jirani mwenye mbuzi au kuku, chupa na makopo wekeni kwenye kiroba, waokota chupa watavipitia wenyewe maana kwao ile ni hela, kinachobaki kidogo ndo cha gari la taka. Na usitoe taka usiku eti gari linakuja asubuhi, mbwa na kunguru wa mji huu hawatakuachia kitu.

Njiani ni rahisi zaidi. Beba kimfuko kwenye pochi au mfuko wa suruali, chochote kile, ganda la ndizi, tiketi, chupa, vyote humo mpaka ukutane na pipa, na usipokutana nalo unarudi navyo nyumbani. Mimi nina mwaka wa tatu hivi na sijawahi kuona uzito wake.

Kazi ni kumwambia mwingine. Hapa ndo Mmarekani alifanya kitu cha akili. Jimbo la Texas miaka ya themanini lilikuwa linatumia kama dola milioni 20 kwa mwaka kusafisha taka pembeni ya barabara, wakagundua watupaji wakubwa ni vijana wa kiume, wale wa kuendesha pikapu, na vijana hao ukiwaambia habari za mazingira wanakuona kama mwalimu wa shule ya msingi. Basi wakaja na maneno ambayo kwa lugha yetu ni kama "Texas usiichezee", tangazo la kwanza la TV likatoka tarehe 1 Januari 1986, likagusa ile fahari ya mtu na kwao, na vijana wenyewe wakabandika maneno hayo kwenye magari yao. Kwahiyo ukiwa kwenye daladala usimhutubie mtu mbele za watu, ataona umemdhalilisha na ijayo atatupa makusudi. Yule kijana wa Buguruni nilimsogelea nikamwambia taratibu, mdogo wangu, ukimaliza na hayo maganda ya karanga nipe mimi nina mfuko, mtaro ule unakuja mpaka kwetu. Aliniangalia, akanipa maganda, alafu akaniuliza kwetu wapi.

Sasa magari, na hapa naomba usome polepole hasa kama unatafuta kiwanja. Mmarekani hapandi gari kwa uvivu. Mwaka 1956 Rais Eisenhower alisaini sheria ya kujenga barabara kuu zaidi ya kilometa 60,000, serikali kuu ikibeba asilimia 90 ya gharama, watu wakahamia nje ya miji, nyumba huku, duka kule, shule kwingine, na bila gari humo huwezi hata kununua mkate. Lakini New York, yenye treni za chini ya ardhi tangu 1904, zaidi ya nusu ya familia hazina gari, na ni Wamarekani walewale! Na tangu tarehe 5 Januari 2025 ukiingiza gari dogo katikati ya Manhattan mchana unalipa dola 9. Kwahiyo kabla hujalipia kiwanja Chanika au Madale kwa sababu ni bei poa, nenda siku ya kazi saa kumi na moja alfajiri, tembea kwa miguu mpaka kituo cha daladala, hesabu dakika. Zikizidi ishirini jua umenunua kiwanja pamoja na gari, mafuta, na foleni ya maisha.

Kama gari tayari unalo usiliuze, chagua siku mbili za wiki tu uliache. Mtu wa Paris treni anazo tangu tarehe 19 Julai 1900, vituo vipo karibukaribu, na mwajiri kwa sheria anamrudishia nusu ya hela ya pasi ya mwezi, alafu kwenye gari anabanwa, mjini barabara nyingi mwendo mwisho kilometa 30 kwa saa tangu 2021. Kwetu mwendokasi ina umri wa tangu 2016 tu na kero zake tunazijua, kusubiri na kubanana, kwahiyo panga muda: ukitokea Kimara ondoka kabla ya saa kumi na mbili na nusu, au kama kazi yako inaruhusu nenda baada ya saa tatu. Kadi iwe na hela tangu jana yake, viatu vya ofisini viwe kwenye begi. Na muulize bosi wako, kama analipia watu parking kwanini asichangie nauli ya anayekuja na basi, sisi tuliuliza na wakakubali kidogo.

La mwisho ni konda. Njia unayopanda kila siku makonda unawajua, mpelekee mmoja kiroba kitupu na kamba, mwombe akifunge kwenye lile bomba la mlangoni, na umwambie chupa zitakazoingia humo ni zake akauze. Wa kwetu kakifunga cha kwanza mwezi uliopita, sasa hivi akiona mtu anasogeza kioo anapiga kelele mwenyewe, "we mzee, leta hapa hiyo!"